Nilivyosimamia Maji ya Ukweni

Semina yangu ya kwanza ya kikazi ilifanyika kwenye ukumbi wa hoteli moja pale Musoma, na ilihusu namna ya kujenga mahusiano mazuri na wateja. Mtoa mada alikuwa kijana nadhifu, amevaa suti kwenye joto lile lile lililotufanya sisi wengine tujipepee kwa vitabu vya semina. Alitufundisha kwamba mafanikio kazini yanaanzia kwenye mkono. Unampa mteja mkono imara, usiolegea, unamtazama machoni, unatabasamu, unataja jina lako. Tukasimamishwa wawili wawili tufanye mazoezi. Mimi nilipangwa na dada mmoja wa benki, akanibana vidole mpaka pete yake ikaniachia alama, nami nikambana vilevile kwa sababu sipendi kushindwa.

Nilikuwa nimesomea ufundi wa maji na nimeajiriwa na kampuni ndogo inayojenga miradi ya maji vijijini. Ofisi yetu iko Kigera, vyumba viwili na uwanja uliojaa mabomba. Nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, nikihesabiwa kama msaidizi, na nilikuwa na hamu ya kuitwa msimamizi kuliko nilivyokuwa na hamu ya harusi yangu. Hilo mume wangu analijua na ameshanisamehe.

Bosi wetu ni mtu wa Tanga, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza chumba, na hawezi kuongea na mtu bila kumshika. Atakushika bega, kiwiko, mkono, chochote kilicho karibu. Siku aliyoniita kunipa mradi wangu wa kwanza alinishika kwa mikono yake yote miwili.

"Nimekupangia kile kijiji nyuma ya Kiabakari, upande wa Butiama," akasema. "Si ndiko ukweni kwako? Utapokewa kama bibi harusi, mwanangu."

Nilimwambia kwamba mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji hicho ndiye baba mkwe wangu mwenyewe, baba mzazi wa mume wangu. Nilidhani hiyo ingetosha. Bosi akafurahi zaidi. Akasema mteja akiwa ndugu kazi imeshaisha nusu.

Hapa inabidi nieleze kidogo kwa msomaji ambaye hakuzaliwa Mara. Kwetu mwanamke hampi mkono baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hali naye, hakai kwenye chumba alimokaa yeye. Ukimwona anakuja njiani unapisha pembeni, unainama, unasalimia huku unatazama majani, naye anaitikia huku anatazama ng'ombe. Siyo ugomvi na siyo woga. Ni heshima, na inakwenda pande zote mbili, maana yeye naye hukukwepa kwa bidii ileile. Nyumba nyingi za mjini siku hizi zimelegeza mambo hayo. Ukweni kwangu hawajalegeza hata kidogo. Nilikuwa nimeolewa miaka kadhaa, nina watoto wawili wanaomkalia babu yao mapajani na kumvuta ndevu, na mimi sikujua macho ya mzee yule yanafananaje.

Siku ya kutambulishwa tulifika na gari la ofisi, mimi nimevaa buti na koti linalong'aa, kofia ngumu mkononi. Watu walikuwa wamekusanyika mbele ya ofisi ya kijiji. Katekista akasali, mtendaji wa kijiji akatoa neno, baba mkwe naye akatoa neno akiwa amenipa ubavu. Alieleza kwamba tangi litajengwa kwenye kiwanja chake mwenyewe, pale kwenye kiinuko karibu na kisima kirefu, na kwamba amekitoa bure kwa ajili ya kijiji. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, nikitazama buti zangu.

Kisha bosi akataka picha. Akasema msimamizi na mwenyekiti wasimame katikati, washikane mikono. Hakuna kati yetu aliyesogea. Bosi akadhani tunaona haya. Akaja akicheka, akanikamata mkono wa kulia, akamkamata baba mkwe mkono wa kulia, akaanza kuileta pamoja.

Sijui nani alichomoka kwanza. Mimi niliuvuta mkono wangu kwa nguvu mpaka kofia ngumu ikaanguka ikabingirika miguuni kwa katekista. Baba mkwe alirudi nyuma akamkanyaga mtendaji. Akina mama waliokuwa mstari wa mbele walijifunika midomo kwa kanga, na mmoja wao alicheka mpaka akatoka nje ya mkutano. Picha ilipigwa hata hivyo. Ninayo mpaka leo: bosi yuko katikati peke yake, mikono hewani, na kila upande kuna mtu anayekimbia.

Kwenye gari, tulipopita Kiabakari, bosi alinigeukia.

"Mtu asiyeweza kumpa mkono mteja wake," akasema, "nitamwachia vipi mradi?"

Nikamweleza mila. Alinisikiliza, naye siyo mtu mbaya, lakini aliona ni jambo la nyumbani lililoingia kazini bila kualikwa. Akasema ataniacha niendelee kwa sababu mwenzangu wa mradi wa Bunda bado hajamaliza. Ila kuthibitishwa kuwa msimamizi kutategemea nitakavyoelewana na mwenyekiti. Nilikuwa na hasira. Nilifika nyumbani Kigera nikapika dagaa wakaungua.

Mume wangu anafundisha sekondari Bunda na hurudi mwisho wa wiki. Nilimpigia simu kumlalamikia, akacheka mpaka nikamkatia. Akapiga tena.

"Baba mwenyewe leo hawezi kulala," akasema. "Unafikiri ni wewe tu umepata aibu? Tafuta mtu wa kukaa katikati yenu. Sisi huwaga tunafanya hivyo."

Mtu huyo alipatikana kirahisi. Mhazini wa kamati alikuwa mama wa makamo anayeuza nafaka kwenye soko la Kiabakari, mwenye sauti iliyozoea kushindana na mashine ya kusaga. Yeye hakuwa mkwe wa mtu yeyote pale kamatini. Tukaanza kufanya kazi hivi: mimi nasimama upande mmoja wa mtaro, baba mkwe upande wa pili akiwa amegeukia mashamba, na mama mhazini katikati yetu, kanga kiunoni. Mimi naongea na mama mhazini. Mama mhazini anamwambia mwenyekiti maneno yaleyale ambayo mwenyekiti ameshayasikia vizuri sana. Mwenyekiti anamjibu mama mhazini. Mama mhazini ananiletea.

Nasema maneno yaleyale, lakini hayakuwa yaleyale. Mimi sina subira, na mdomo wangu hutangulia kufika kabla yangu. Siku ya kwanza ya kuchimba nilikuta mtaro una kina cha kuzika paka.

"Mwambie mwenyekiti," nikasema, "huu mtaro hata mbuzi akipita juu bomba linapasuka. Waliochimba hapa walikuwa wanachimba au wanakuna mgongo wa dunia?"

Mama mhazini akageuka. "Mwenyekiti, mkwe anashukuru kwa kazi. Anaomba muongeze kina kidogo, bomba ilale salama."

Baba mkwe, ambaye alikuwa hatua chache tu na masikio yake ni mazima, alitazama mashamba kwa muda mrefu. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Mwambie tumesikia," akasema. "Tutaongeza."

Mwanzoni nilichukia kupotewa na muda. Kila jambo linasemwa mara mbili, na jua la mchana halikungojei. Baadaye nikaanza kuona kitu ambacho kijana wa semina hakukigusa. Hakuna aliyemkatiza mwenzake. Hakuna aliyedai kwamba hakuelewa, kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kimesikia mara mbili. Na mimi, kwa kujua kwamba maneno yangu yatasafirishwa, nikaanza kuyafunga vizuri kabla ya kuyatuma. Kuna siku nilimwona mama mhazini anashusha pumzi kwa kukosa cha kurekebisha.

"Leo umenipa kazi rahisi," akaniambia. "Karibu utaniachisha."

Nilimpenda sana mama yule. Mpaka sasa nikiingia kwenye ofisi ngeni huwa natafuta kwanza mtu wa aina yake, kabla sijamtafuta mkubwa.

Mabomba yalikwenda vizuri. Kilichokwama ni tangi.

Mchoro wa mwanzo ulikuwa umeweka tangi kwenye kiwanja cha baba mkwe kwa sababu ndicho kilichotajwa na kijiji, na ofisini hakuna aliyekwenda kupima kabla. Nilipofunga mashine ya kupimia usawa, ile ya miguu mitatu yenye darubini ndogo juu, nikapima mara moja, nikarudia, nikaita fundi mwingine arudie. Kiwanja kilikuwa chini. Maji yangefika shuleni, yangefika sokoni, lakini zahanati iliyo kwenye kilima cha ng'ambo isingepata hata tone, tena hata tukihesabu urefu wa tangi lenyewe. Na zahanati ndiyo iliyowafanya wanakijiji waombe mradi. Akina mama walikuwa wanakwenda kujifungua na ndoo ya maji kichwani. Mimi mwenyewe nilipojifungua mtoto wa pili pale, wakati wa likizo, mama mkwe ndiye aliyepanda kile kilima na madumu.

Mahali pazuri palikuwepo, nyuma ya zahanati, eneo la kijiji. Shida ilikuwa kumwambia mwenyekiti. Kiwanja kile hakikuwa kiwanja tu. Amekitoa mbele ya watu, watu wamepiga makofi, katekista amekiombea. Sasa mke wa mwanawe akikatae? Mwanamke hakatai zawadi ya baba mkwe. Hata ukipewa kuku mgonjwa unapokea kwa mikono miwili, unapiga goti, unakwenda kumzika kimyakimya.

Nilimpigia bosi nikitegemea atakuja kusema yeye. Akasikiliza vipimo, akakubaliana navyo bila kubisha.

"Basi mwambie mwenyekiti," akasema. "Wewe mwenyewe, ana kwa ana, bila mama wa kusemea. Nataka nione kama unaweza. Mafundi wanachimba msingi Jumatatu. Ukishindwa kumwambia, niarifu, namleta mwenzako wa Bunda akutue mzigo."

Alisema kwa upole, na ndiyo maana niliogopa. Nilijua akija yule mwenzangu, mradi umekwenda, na mimi nitarudi kuhesabu viungio vya mabomba uwanjani Kigera. Na nilijua pia kwamba nikinyamaza, wakachimba pale pale, nitathibitishwa kazi na picha itapigwa, na zahanati itabaki kavu. Usiku ule nilimwuliza mume wangu kwa simu kama angeweza kumwambia baba yake yeye. Akasema anaweza, ila mzee atajua nimetuma mtoto kwa kuogopa, na hatanisahau kwa hilo.

Nilichopanga ni kumtumia mama mhazini hata hivyo, na bosi aseme anachotaka. Siku ya kupima mara ya mwisho nikaamka mapema, nikafunga mashine kwenye kiwanja, nikamngoja. Hakuja. Alikuwa na msiba wa dada yake Bunda na amekwenda na gari la alfajiri. Aliyekuja ni baba mkwe peke yake, na fimbo yake, akijua kabisa kwamba mama mhazini hayupo, maana ndiye aliyempa ruhusa.

Akasimama mbali kidogo, amegeukia kisima. Nikasalimia nikitazama nyasi. Akaitikia. Katikati yetu hapakuwa na mtu wa kutusemea. Mafundi walikuwa shuleni wakifunga bomba. Kulikuwa na sisi wawili na mashine.

Baba mkwe akakohoa. Akaigeukia mashine.

"Wewe mashine," akasema kwa sauti ya baraza, "nasikia unapimaga sana hapa kwangu. Umeona nini?"

Nilihisi kicheko kinapanda nikakimeza. Nami nikaigeukia mashine.

"Mashine," nikasema, "mwambie mzee kwamba kiwanja chake ni kizuri, kina mwamba, na moyo wake umeonekana. Tatizo ni kile kilima cha ng'ambo."

"Mashine, kilima kina nini?"

"Kiko juu kuliko hapa. Maji hayapandi."

Akakitazama kilima. Akasema polepole, bado kwa mashine, "Mimi naona kwa macho. Hapa na pale ni sawasawa."

Ni kweli, kwa macho palionekana sawa. Hata mimi kabla ya kupima ningeapa hivyo. Ningeweza kumtajia tarakimu, lakini tarakimu zangu zingekuwa maneno ya mkwe dhidi ya macho ya mzee. Nikafikiri kidogo. Nikaiambia mashine kwamba mzee angeweza kutazama mwenyewe. Ndani ya darubini kuna mstari mmoja mwembamba uliolala, na mstari ule ndio mwisho wa maji. Chochote kilicho juu ya mstari hakitapata maji. Mimi nitakwenda mpaka bondeni, nipande kilima kuelekea zahanati, yeye anifuate kwa darubini.

Maana hakuna namna ambayo angeweza kuisogelea mashine mimi nikiwa hapo. Nikaondoka. Nilipofika bondeni nikageuka, nikamwona ameshainama kwenye darubini, kofia ameivua, fimbo ameilaza chini. Nikaanza kupanda kinyumenyume, uso ukiwa upande wake, rula ndefu ya kupimia mkononi, nikisimama kidogo kila nilipopiga hatua ili anipate.

Katikati ya kilima nilimwona anaruka kutoka kwenye darubini kana kwamba imemuunguza. Alisimama wima akatazama kisima, akatazama mbingu, akajifuta uso kwa kofia. Nikaelewa kilichotokea. Mstari ulikuwa umefika usoni kwangu. Darubini ile inavuta karibu, na baba mkwe, ambaye kwa miaka yote ile alikuwa ameniangalia kanga na visigino, alikuwa ameniona uso wangu wote, na jasho lake na kovu langu la utotoni juu ya nyusi.

Nilisimama pale kilimani nisijue nifanye nini. Nikaona niendelee kupanda, kwa heshima yake, ili mstari ushuke.

Akarudi kwenye darubini. Nilipanda mpaka nikaona ameinua mkono. Nilisimama palepale. Nikatazama viatu vyangu, nikatazama nyuma yangu. Zahanati ilikuwa bado juu, geti lake limepita kichwa changu.

Nilipovuka tena bonde sikumkuta. Fimbo haikuwepo, kofia haikuwepo. Mashine ilikuwa peke yake, na mtu alikuwa amefunika darubini kwa ule mfuniko wake mdogo, vizuri kabisa, kama alivyoona mimi nafanyaga. Sikujua hiyo ni heri au ni shari. Nilikaa na wasiwasi siku nzima, na nilimgombeza fundi mmoja bila kosa.

Mama mhazini aliporudi kutoka msibani alinipigia simu akiwa hana salamu.

"Mwenyekiti anaitisha kamati. Amesema maji itaishia kwenye viatu vya mkwe, ameona kwa macho yake. Tenki inapanda juu, nyuma ya zahanati. Na kile kiwanja amesema mpande miti ya kivuli ya watu wa kisima. Wewe umemfanya nini huyu mzee?"

Nikasema sijamfanya kitu. Nikakata simu nikaruka ruka kwenye uwanja wa mabomba mpaka mlinzi akaja kutazama. Bosi nilimwambia kwamba mwenyekiti amekubali. Akauliza kama nilimwambia ana kwa ana. Nikafikiri nikamjibu kwamba kweli mzee aliniangalia usoni. Akaridhika kidogo.

Tangi likajengwa. Siku ya kukabidhi mradi maji yalifunguliwa zahanati kwanza, na muuguzi mkuu akanawa mikono kwa madaha mbele ya watu wote kana kwamba anaigiza. Ng'ombe mmoja alichinjwa. Kila mtu alikuwa na furaha, mpaka bosi aliposhika kipaza sauti.

"Mwenyekiti," akasema, "utuambie ukweli mbele ya wananchi. Huyu msimamizi tuliyewaletea, mnamwonaje?"

Niliomba ardhi ipasuke. Baba mkwe hawezi kumsifu mkwe wake mbele ya uso wake na mbele ya kijiji. Haifanyiki. Na bosi alikuwa ameninyooshea kidole kabisa. Mzee aliinuka, akachukua kipaza sauti, akatazama tangi. Akalishukuru tangi. Akalishukuru bomba, akamshukuru Mungu, akawashukuru waliochimba. Kisha akaketi. Jina langu, kazi yangu, cheo changu, hakugusa.

Mama mhazini alinikonyeza, lakini nilikuwa nimemtazama bosi. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu. Kwenye gari alisema tutaongea Jumatatu, na kwamba anafikiria nafaa zaidi uwanjani, na mabomba. Nilijua nikijibu mdomo wangu utaninyang'anya hata hayo mabomba.

Jumapili tulikwenda ukweni, mimi, mume wangu na watoto. Baada ya ibada niliingia jikoni, jiko lile la nje lenye ukuta wa udongo, kusonga ugali wa mtama. Nilikuwa nimenuna, na ugali ulikuwa unapata shida kwa ajili ya bosi. Nikasikia wageni wanakaribishwa uani. Walikuwa wazee wawili wa kijiji cha jirani, wanatoka kanisani kwao na viatu vinang'aa. Nao walikuwa wamepata mradi wa maji, kampuni ileile, na wamekuja kumwuliza mwenyekiti mwenzao namna ya kwenda nao. Waliongea kwa lugha yao ya nyumbani. Mimi ni mtu wa ziwani, lugha yao naisikia nusunusu tu, hata baada ya miaka yote ile. Baba mkwe anajua hivyo. Anajua pia kwamba muda ule mwanamke aliye jikoni ni mimi.

Wakamwuliza. Kisha nikasikia kiti kinaburutwa, kinasogezwa karibu na ukuta wa jiko, na baba mkwe akaanza kuwajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, ingawa wote watatu ni wazee wa lugha moja.

"Mkienda Musoma kesho, pale ofisini Kigera, msikubali kupewa mtu mwingine yeyote," akasema. "Muombe yule mwanamke. Akisema mtaro ni mfupi, chimbeni. Akisema kiwanja chako hakifai, hakifai, hata kama umekiombea. Bosi wao akiwaambia huyo siyo msimamizi, mwambieni sisi huku tunamjuaga msimamizi ni nani, na mwenyekiti wa huku ndiye amesema."

Mmoja wa wageni akauliza kitu kwa lugha yao. Baba mkwe akamjibu kwa Kiswahili tena.

"Ndiyo, ni mke wa kijana wangu. Lakini mimi siwaambii habari za mkwe. Nawaambia habari za fundi."

Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi, na ugali unaanza kushika chini. Ukutani, upande wa pili, alikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia anavyopumua. Niliugeuza ugali nikaupakua kwenye sinia kubwa, nikalainisha juu kwa kijiko chenye maji, nikamwita mwanangu ampelekee babu yake.